Pasaka ya mvua Mlima Elgon: linda nguo kavu na saa za asubuhi

Wikendi ndefu ya Pasaka huangukia pale pale mvua ndefu zinapoanza kukolea, na kwa wanachama wengi wa vyama vya kupanda milima huku magharibi mwa Kenya, hizo ndizo siku nne za pekee ambazo wote wana nafasi. Basi tunapanda Elgon na mvua yake. Mvua yenyewe si tatizo. Tatizo ni mtu kununua koti la bei kali kisha akaamini kwamba atabaki mkavu. Ukitembea kwa muda wa saa sita juu ya mita 3,000 mvua ikinyesha, utalowa tu: koti lisipopitisha maji ya nje, jasho lako litakulowesha kutoka ndani. Anza mipango yako yote na ukweli huo. Kisha linda vitu viwili kwa nguvu zako zote: nguo kavu za kulalia, na saa za asubuhi.

Nguo kavu ni seti moja: suruali nyepesi, fulana ya mikono mirefu, sweta, soksi nene na kofia ya sufu. Seti hiyo na mfuko wa kulalia vinakaa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ule unaofungwa kwa kukunja mdomo mara tatu, na mfuko huo unakaa ndani ya begi. Kifuniko cha mvua kinachovalishwa begi kwa nje hakitoshi, kwa sababu maji huteremka mgongoni mwako na kuingilia upande ambao hakifuniki. Seti hiyo haivaliwi nje ya hema, hata ukienda chooni mara moja. Asubuhi unaivua, unaifunga tena, na unavaa zile nguo za jana zilizolowa. Hapa ndipo wengi hushindwa. Dakika kumi za kwanza ni mateso, halafu mwili unaotembea huzipasha joto. Anayevaa nguo kavu asubuhi ya pili hana kitu cha kulalia usiku wa pili, na usiku wa pili ndio unaoumiza watu.

Jinzi na sweta za pamba ziache nyumbani. Pamba hunywa maji, hukaa nayo, na humnyonya mtu joto. Polista na sufu hutunza joto hata zikiwa na unyevu. Huhitaji kwenda maduka ya wageni: mtumba wa Kibuye pale Kisumu au soko la Kitale una vizibao na sweta nzuri za polista, mradi usome lebo ya ndani. Ukichagua koti la mvua la mtumba, ligeuze nje ndani uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa umeanza kubanduka, rudisha koti kwenye rundo, hata kama kitambaa bado ni kizuri. Gambuti zinafaa sana kwenye matope ya msituni. Kwenye mawe ya juu hazishiki kifundo cha mguu, kwa hiyo siku ya kileleni vaa buti za kufunga kwa kamba.

Mifuko na chupa za plastiki zifikirie kabla ya kuondoka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa. Maji ya chupa za dukani yatakupa shida langoni, kwa hiyo kila mtu aje na chupa zake za kudumu zenye kutosha lita tatu. Ada ya mbuga hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ilipeni mkiwa bado mjini penye mtandao wa uhakika.

Sasa mlima wenyewe. Kilele tunachokiendea upande wa Kenya ni Koitobos, mita 4,222. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kileleni kuna baridi kuliko Kitale kwa nyuzi kama 15. Asubuhi ambayo Kitale unavaa sweta nyepesi, Koitobos inakaribia sifuri, na mvua ya huko hugeuka mawe. Ongeza upepo juu ya nguo zilizolowa na utaelewa kwa nini nasisitiza ile seti kavu.

Mvua za huku hufuata saa. Jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa yenye unyevu mwingi wa Ziwa Victoria hupanda, na kufikia saa saba au saa nane mchana mawingu yamejaa na radi zimeanza. Asubuhi mara nyingi huwa shwari hata katikati ya Aprili. Ratiba nzima inajengwa juu ya hilo: kuamka saa kumi alfajiri, gari liwe mwisho wa barabara, karibu mita 3,500, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na kupanda kwa saa tatu hivi. Saa tano kamili asubuhi kila mtu anageuka, popote alipo, hata kama kilele kinaonekana. Saa hiyo itangazwe usiku uliotangulia mbele ya wote, kwa kuwa haiwezi kujadiliwa vizuri na watu waliochoka. Kutembea kwa miguu humu kunahitaji askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mwenye bunduki, kwani nyati na ndovu wamo. Mpange naye siku moja kabla, na mwambie ni saa ngapi mnaondoka. Askari asiyejua atakuja saa mbili, na asubuhi yenu imekwisha.

Ukungu ukishuka, njia ya nyasi hupotea ghafla. Koitobos iko ukingo wa mashariki wa kaldera, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima, na kosa la kawaida ni kushuka upande wa pili, kuelekea bonde la kaldera linalotoa Mto Suam, badala ya kurudi mashariki kwenye gari. Pakua ramani kwenye simu mapema, rekodi njia mnapopanda, na mbebe dira ya kawaida. Betri hufa haraka kwenye baridi. Mtu mmoja mzoefu atangulie, mwingine afunge msafara, na asiwepo yeyote nyuma ya huyo wa mwisho.

Kuhusu kulala, kambi iwe chini msituni, upande wa lango la Chorlim, na kileleni mwende kwa siku. Watu hunishawishi tulale juu ili tupunguze safari ya alfajiri. Mtu aliyetoka Kisumu, mita 1,100 na kidogo, akalala mita 3,500 usiku huo huo, anajitafutia ugonjwa wa mwinuko: kichwa kugonga, kichefuchefu, kukosa usingizi. Juu ya mita 3,000 inashauriwa usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku. Dalili zikianza mkiwa njiani, hampandi tena. Zikizidi, au mtu akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, mnashuka naye wakati huo huo.

Hema lichaguliwe mahali palipoinuka kidogo. Usiangalie tu kama ni tambarare. Tazama majani makavu yamelala kuelekea wapi, maana hayo huonyesha maji ya jana yalipita wapi. Usichimbe mtaro mbugani. Turubai la chini lazima liwe dogo kuliko sakafu ya hema, na kingo zake zikunjwe kwa ndani. Likichomoza hata sentimita tano, linakusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako, na mtu atalaumu hema bure. Udongo uliolowa hauwezi kushika vigingi vifupi. Vipigilie vikiinamia nje ya hema, na juu ya kila kimoja weka jiwe. Kamba za nailoni hurefuka zikilowa, kwa hiyo zivute tena kabla ya kulala, la sivyo paa la nje litagusa la ndani na matone yataanza. Unyevu unaoukuta asubuhi ndani ya kitambaa mara nyingi ni pumzi zenu wenyewe. Acha tundu la hewa wazi hata mvua ikinyesha.

Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema, hata baada ya moto kuonekana umezimika. Wala jiko la gesi. Kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye moto, haina harufu, na mvua inayokufanya ufunge zipu zote ndiyo inayoigeuza kuwa sumu ya kuua. Tunapikia chini ya turubai lililofungwa juu kwenye miti, pande zote wazi. Kwa kundi la watu kumi na wawili, mtungi wa meko wa kilo 6 unatosha siku tatu na kubaki. Maji huchemka kwenye joto dogo kadiri unavyopanda, nyuzi kama 88 tu kwenye mita 3,500, na hata kambini maharagwe na githeri mbichi vitakula gesi yote bila kuiva. Vipikwe nyumbani, vipashwe tu. Siku ya kupanda beba vitu visivyohitaji moto: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, njugu, na chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kwenye chupa ya chai.

Mtu anayetetemeka kwa baridi bado anajitetea. Tazama yule anayeanza kujikwaa, kuongea kwa kukokota, kushindwa kufunga zipu. Na yule aliyeacha kutetemeka bila kupata joto yuko hatarini kabisa. Mkingeni upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mtandikieni chini yake, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama bado anameza vizuri. Msimsugue miguu, na pombe isikaribie.

Radi ikisikika ndani ya sekunde thelathini baada ya mwanga, iko umbali wa kilomita kumi au chini yake. Shukeni kutoka mgongoni mwa mlima, msisimame chini ya mti wa peke yake wala mdomoni mwa pango, mtawanyike hatua kadhaa, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kijito kilichofika juu ya goti hakivukwi. Kwa kawaida hupungua baada ya saa chache mvua ikikata. Maji ya makorongo huja kutoka mvua msiyoiona: kwenye mbuga ya Hell's Gate, katika kaunti ya Nakuru ambayo baadhi yetu huipitia tukija, mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena 2019.

Siku mvua inaponyesha tangu alfajiri, kila mtu hutaka kwenda pango la Kitum, ambako ndovu huchimba chumvi. Mdomo wake unapendeza na sipingi. Ndani kabisa, kwenye popo, sipeleki chama: wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, wa mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo. Afadhali matembezi ya msituni na askari, kati ya miti ya podo na mierezi.

Gari liwe la kuvuta magurudumu manne, lenye minyororo, sepetu na kamba ya kuvutia, na liegeshwe likitazama chini.

Jumatatu hema litafungwa likiwa limelowa, hakuna namna. Lisikae kwenye mfuko zaidi ya siku moja. Litandazwe kivulini nyumbani, sakafu juu, mpaka mishono ikauke, kisha ndipo likunjwe. Kuvu huanza kwenye mishono, na ule utando wa ndani unaozuia maji ukianza kunata na kunuka, hema hilo halitavuka Pasaka nyingine.