Kulala kwenye nyumba ya maji moto milimani Japani: yanayosemwa na yalivyo

Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba safari hii Japani hulali hoteli ya mjini bali nyumba ndogo ya wageni milimani, penye chemchemi ya maji moto, atakuuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Si ghali mno? Si huko watu huoga uchi, wake kwa waume? Na utakula nini, samaki wabichi? Kila swali lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana dhana hizi hazifi.

"Ni starehe ya matajiri"

Zipo za matajiri. Lakini asili ya nyumba hizi ni wakulima. Kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, katika mikoa ya Akita, Iwate na Aomori, kulikuwa na desturi iitwayo toji. Mavuno yakishaingia ghalani, familia ilipanda mlimani na mchele wake, miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa) na achari, ikakaa siku saba, au saba mara tatu, ikijipikia na kuingia majini mara kadhaa kwa siku mpaka mgongo uachie. Sisi husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wao walikwenda ugenini majuma mazima ili jembe lipumzike.

Desturi hiyo haijakufa. Nyumba za Osawa na Namari, karibu na mji wa Hanamaki mkoani Iwate, bado zina upande wa wageni wa kujipikia, na jiko ni la pamoja. Namari kuna hodhi ambalo watu huogea wamesimama, kina chake kama mita 1.25, na maji yanatoka mwambani chini ya nyayo. Sukayu, kule Aomori, ina ukumbi mkubwa wa kuogea uliojengwa kwa mbao, na nje theluji hurundikana kupita kimo cha mtu.

Ukiijua historia hiyo, mengi yanayowaudhi wageni yanaeleweka. Choo kiko mwisho wa korido na ni cha wote. Kuta ni nyembamba. Godoro linatandikwa sakafuni, juu ya mikeka ya tatami, ambayo haikanyagwi hata kwa ndala. Nyumba haikujengwa ili mtu ajifungie chumbani; chumba ni cha kulalia, na maisha yenyewe yako majini.

Kuhusu bei, wengi hujikwaa hapa: inayotajwa ni ya kichwa, si ya chumba. Watu wanne chumba kimoja hulipa mara nne. Ila ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi, na nyumba za kawaida mara nyingi huangukia kati ya yen 10,000 na 15,000 kwa mtu, za kujipikia chini ya hapo. Huongezwa kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150. Bakhshishi haidaiwi.

Na ukiambiwa chakula ni saa kumi na mbili jioni, ni saa kumi na mbili kweli. Anayepika mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe, samaki amekwisha kumweka motoni akikuhesabu wewe. Ukiachwa na basi, piga simu.

"Wanawake na wanaume huoga pamoja"

Uchi ni kweli. Pamoja ni nadra. Sehemu nyingi sana zimetenganishwa, na mlangoni huning'inia pazia lenye herufi: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Zikariri herufi hizo mbili hata kama hutajifunza nyingine. Mahodhi ya pamoja yamebaki machache, hasa milimani. Tsurunoyu, katika bonde la Nyuto mkoani Akita, ndilo linalojulikana zaidi: maji yake meupe kama maziwa huuficha mwili ukishakaa, na wanawake wana mahodhi yao pia kwa asiyetaka.

Nguo ya kuogelea kwa kawaida hairuhusiwi, kwa hiyo wengi wetu husita, na sioni kwamba kusita huko ni ushamba. Kwa Muislamu, kuanzia kitovu hadi magoti ni sitara hata mbele ya wanaume wenzake. Suluhisho lipo na halitangazwi vya kutosha: hodhi la faragha. Unalichukua wewe na mwenzako au na watoto, mnajifungia kwa ndani, mara nyingi kwa dakika arubaini au hamsini. Katika nyumba ndogo huenda usilipie chochote. Uliza unapoweka nafasi, kwa neno lao: kashikiri.

Lakini dhana inayoleta aibu kubwa kuliko uchi ni kudhani kwamba hodhi ni mahali pa kujisafishia. Unajisafisha kwanza, pembeni, umekaa kwenye kigoda na beseni lako, sabuni hadi iishe. Majini unaingia ukiwa msafi tayari, kama ambavyo huingii msikitini na miguu ya matope. Maji yale ni ya wote, na atakayefuata hatayakuta yamebadilishwa. Kitaulo kidogo hakizamishwi. Wengi hukikunja na kukiweka kichwani. Nywele ndefu hufungwa juu.

"Utashinda njaa kama huli samaki wabichi"

Hapa ni milimani, bahari iko mbali. Samaki wa mtoni huchomwa kwa chumvi, amesimamishwa kwenye kijiti pembeni ya makaa, na ni mtamu mno. Kuna uyoga, mboga za porini, supu ya miso, wali, achari za kila namna. Shida halisi kwa Muislamu imejificha kwenye kitoweo: mirini, yaani pombe tamu ya kupikia, na pombe ya mchele hutiwa katika michuzi mingi, na nguruwe huliwa sana. Haya yasemwe siku ya kuweka nafasi. Ukiyasema umeshakaa mezani, mpishi aliyenunua vitu vya watu sita hana cha kukupa ila wali, naye atahuzunika kuliko wewe.

"Maji halisi ni meupe na yananuka"

Sheria ya chemchemi ya mwaka 1948 haisemi hivyo. Maji yanahesabiwa ikiwa yanatoka ardhini na joto lisilopungua nyuzi 25, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha angalau kitu kimojawapo kati ya 19 vilivyotajwa. Mengi ni maangavu na hayana harufu. Mwaka 2004 Japani nzima ilishtuka kugundua kwamba katika eneo la Shirahone mkoani Nagano, maarufu kwa maji meupe, baadhi ya wenye nyumba walikuwa wakitia unga wa kuyafanya meupe. Tamaa ya wageni ya kuona rangi ndiyo iliyowaponza.

Dawa ya kila ugonjwa je? Imani hii si ya Wajapani peke yao; kule Kitagata, magharibi mwa Uganda, watu hukaa kwenye maji moto kutuliza maumivu ya viungo. Maji moto hulegeza misuli na kumpa mtu usingizi, na hilo si dogo kwa aliyeinama shambani mwaka mzima. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba abandike ukutani yaliyomo ndani ya maji na nani asiingie, na uchunguzi hurudiwa kila miaka 10. Ujauzito ulikuwamo katika orodha hiyo ya makatazo, ukaondolewa mwaka 2014. Mama mjamzito bado amuulize daktari wake, ila asiambiwe tena kwamba ni marufuku.

Hatari yenyewe iko kwingine: kuingia ghafla kwenye maji ya nyuzi 42 kutoka chumba cha baridi kali, au baada ya pombe, hasa kwa wazee. Jimwagie kwanza maji kwa beseni, kuanzia miguuni. Dakika kumi zinatosha. Pete ya fedha ivue, salfa itaigeuza nyeusi.

"Mweusi hapokelewi"

Swali hili watu wetu huliuliza kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Sheria ya nyumba za wageni haimruhusu mwenye nyumba kumkataa mgeni kwa rangi au uraia. Ubaguzi umetokea: mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliiamuru hamamu moja ya Otaru iwalipe watu watatu yen milioni moja kila mmoja, kwa kuwakataa kwa sababu ya sura zao za kigeni. Ninachokikuta mimi mara nyingi ni woga wa lugha. Sentensi mbili za Kijapani zilizoandikwa kwenye karatasi huuyeyusha.

Chale za wino ni jambo jingine. Katika uchunguzi wa Idara ya Utalii wa mwaka 2015, zaidi ya nusu ya nyumba zilizojibu zilisema hazikubali wenye chale majini, kwa sababu ya sifa yake ya kijambazi. Bibi harusi mwenye hina au piko mikononi aeleze mapema kwamba ni rangi itakayofutika.

Usiku utavaa yukata, vazi la pamba wanalokuwekea chumbani. Upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti, na bibi wa nyumba akikuona hivyo atakurekebisha papo hapo, kwa mikono yake.

Amka kabla ya chakula cha asubuhi uingie tena majini, saa ile mvuke ni mzito na huna wa kukusemesha. Ila angalia pazia kabla hujapita: nyumba nyingi hubadilisha pande usiku, na palipokuwa pa wanaume jana huenda leo ni pa wanawake.