Jua la Aprili lisikuzuge: dhana potofu za kutoka na watoto springi huku Uingereza

Juzi Jumapili nilipiga simu ya video nyumbani Tanga, bimkubwa akamuona mjukuu wake wa miaka miwili kavaa gambuti na ovaroli la mvua, yuko katikati ya dimbwi anarukaruka, matope yanafika mpaka kwenye kioo cha simu. "We mwana, unataka kuniulia mjukuu? Atapata nimonia huyo!" Nikamwambia mama shikamoo kwanza, akaitikia marahaba ya hasira halafu akaendelea alipoishia. Mimi mwaka wa nane huu nipo Bristol, nimelea wawili hapahapa, na simlaumu hata kidogo, maana mwaka wa kwanza na mimi nilikuwa hivyohivyo, mtoto namfungia ndani kuanzia Oktoba mpaka Mei kama embe la kuvundika.

Sasa likizo ya Pasaka hiyo, wiki mbili watoto wapo nyumbani, na magrupu ya WhatsApp yameshaanza kumwaga ushauri, mwingine wa maana mwingine wa kuokota njiani. Mengi ninayoyasikia yana mzizi mmoja: sisi tumekulia sehemu ambayo jua na joto ni ndugu wa tumbo moja, ukiona jua ujue joto lipo, ukihisi baridi ujue jua hakuna. Huku hao ndugu hawaongei.

"Springi ndiyo masika yao"

Wapo wanaotafsiri hivyo, na ndo mwanzo wa kupotea. Masika yetu ni mvua, unajua kabisa inakuja, unatengeneza paa unasubiri. Springi ya huku, msimu unaofuata winta, watu wa hali ya hewa wanaihesabu kuanzia tarehe 1 Machi, wanaofuata jua wanasema tarehe 20 Machi hivi usiku na mchana vinapokaribia kulingana, ila mgongo wako utaiamini labda mwisho wa Aprili. Theluji ya Machi ni kitu cha kawaida tu. Kuna Jumamosi moja tulitoka nyumbani jua linawaka, tukafika paki ikapiga mvua ya mawe, tukajibanza chini ya mti, robo saa jua limerudi na mtoto anaomba aiskrimu. Kwa hiyo usimvalishe mtoto kwa kuangalia dirishani, mvalishe matabaka, fulana, sweta, koti la mvua juu, unavua unarudisha kadiri siku inavyogeuka, na soksi za akiba beba jozi mbili, moja haitoshi nakwambia.

"Baridi ndiyo inaleta nimonia"

Nimonia inaletwa na vijidudu, virusi na bakteria, upepo peke yake hauna nimonia ndani yake. Mafua nayo ni virusi, na sababu mojawapo ya kusambaa sana winta ni kwamba watu tunajazana ndani madirisha yamefungwa tunapumuliana. Ndo maana nasari za huku wanawatoa watoto nje hata mvua ikinyesha, mwanzo nilidhani ni ukatili, nikaenda kulalamika kabisa, mwalimu akanisikiliza kwa upole halafu akaniuliza kama mtoto ana ovaroli la mvua. Basi.

Hii haimaanishi baridi ni ya kudharau, mtoto mchanga anapoteza joto haraka kuliko wewe, na mtoto aliyelowa akiachwa kwenye upepo hiyo ni hatari nyingine kabisa. Ila usimpime kwa kushika vidole, vidole na miguu ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa sawa. Mguse kifua au nyuma ya shingo, pakiwa na joto la kawaida muache acheze, pakiwa na jasho umemzidishia nguo, mpunguzie. Na yale makoti manene ya manyoya usimfungie nayo kwenye kiti cha gari, mkanda unaonekana umembana kumbe umebana koti, mvue kwanza, mfunge, halafu mfunike nalo kwa juu.

"Jua la Aprili si jua, na sisi weusi hatuungui"

Hapa nimeumbuka mwenyewe. Mwanangu mkubwa akiwa na miaka mitatu, katikati ya Aprili, nyuzi 13 tu, upepo mwanana, tulishinda paki toka asubuhi mpaka alasiri, kofia hana, losheni hana, nani anapaka losheni ya jua na koti juu? Usiku analia pua inamuuma, keshokutwa yake ngozi inabanduka puani na juu ya masikio. Mtoto mweusi huyo, babu yake mvuvi.

Nilikuja kuelewa baadae. Kinachounguza ngozi ni miale ya urujuanimno, na hiyo haihisiki kama joto. Nguvu yake inategemea zaidi jua limepanda juu kiasi gani, na jua la tarehe 20 Aprili linapanda juu sawasawa na la tarehe 22 Agosti, fanya hesabu mwenyewe, zote ni karibu siku 60 kutoka siku ndefu kuliko zote ya Juni. Agosti kila mtu anajipaka, Aprili hakuna, kisa hewa ni ya baridi! Hewa na bahari vinachelewa kupata joto, jua lenyewe halijachelewa. Na mawingu mepesi hayazuii sana.

Melanini yetu, ile rangi ya ngozi, inasaidia, tunaungua polepole kuliko wenzetu, ila kusaidia si kuzuia, na ngozi nyeusi ikiungua haionyeshi wekundu vizuri kwa hiyo unagundua mtoto akishaanza kulia. Wataalamu wa afya wa huku wanasema kuanzia Machi mpaka Oktoba, saa 5 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, ndo muda wa kujihadhari, kivuli, kofia, na losheni ya jua yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 au zaidi. Mtoto chini ya miezi sita yeye asikae juani kabisa.

Halafu kuna wanaosema basi si afadhali, atapata vitamini D yake, hamna haja ya matone. Hapana, watoto wa mwaka mmoja mpaka minne huku wanashauriwa wapewe maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, na sisi wenye ngozi nyeusi hata wakubwa tunaambiwa tufikirie hivyohivyo, maana ileile melanini inapunguza kinachotengenezwa. Na kumkalisha mtoto dirishani "apate jua" ni kujifurahisha tu, miale inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo.

Nisisahau la kanga. Wamama tunapenda kufunika kigari cha mtoto kwa kanga ili jua lisimpige alale vizuri, mimi mwenyewe nilikuwa bingwa. Hewa inakwama mle ndani na joto linapanda haraka mno hata siku isiyo ya joto kali, tena hata kanga ikiwa nyepesi. Nunua kimwavuli cha kubana kwenye kigari au kaa chini ya mti. Kanga tandika chini ukalie.

"Mtoto wa pwani hafundishwi bahari"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu siku ya kwanza tunaenda Weston-super-Mare. Kutoka Bristol ni nusu saa hivi kwa treni, mchanga upo, punda wa kupanda watoto wapo tangu enzi za Malkia Victoria, nikaona hapa ni Lamu kasoro misikiti. Kufika, bahari haipo! Sisemi utani, maji yamepwa mpaka unaona mstari tu wa kijivu huko mbali, katikati ni mchanga halafu tope. Mimi na akili zangu za Tanga nikasema si bora, tutembee mpaka majini tuokote chaza. Tukaanza safari na mtoto mgongoni. Mzee mmoja na mbwa wake akatukimbilia anapunga mikono, akanionyesha bango ambalo nilikuwa nimelipita bila kulisoma: tope linazamisha.

Sasa sikiliza. Bamvua ya Tanga, yale maji makubwa, maji yanapanda na kushuka kama mita 3 na ushee, labda 4. Huu mlango wa bahari wa Bristol ni kati ya sehemu zenye tofauti kubwa kabisa duniani, bamvua yake inapita mita 12, ghorofa nne hizo, na maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Umbo la huo mlango ni kama faneli, maji yanaingia kwa upana yanabanwa yanapanda. Na bamvua kubwa za mwaka ndo zinaangukia karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, yaani springi hiyohiyo familia zinapoanza kumiminika ufukweni. Maji yakirudi hayaji mbele yako tu kama kwetu, yanapitia kwenye mikondo yanakuzunguka kwa nyuma, na wewe mguu umenasa kwenye tope.

Kwa hiyo kabla hujatoka angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, linapatikana bure kwenye simu, cheza juu kwenye mchanga mkavu, na ukimuona mtu amenasa usimfuate, piga 999 uombe Coastguard, waokoaji wa pwani. Na kuogelea msahau. Hewa inaweza kufika nyuzi 20 mwisho wa Aprili lakini bahari bado iko kwenye 10 hivi, mwili ukiingia ghafla pumzi inakatika hata kwa anayejua kuogelea. Miguu tu inatosha, watapiga kelele wenyewe na kutoka.

"Kupe ni wa ng'ombe"

Kwetu kupe ni wa mifugo na papasi ndo wa kwenye nyumba za udongo, na homa ya papasi wazee wanaijua. Huku kupe wapo kwenye nyasi ndefu na misitu, hasa penye kulungu, na wanaamka hiyohiyo springi. Wengi hawana ugonjwa, wachache wanabeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Watoto wakirudi kutoka msituni wavue nguo wakague, nyuma ya magoti, kwapani, kinena, nywele pale kwenye kisogo, na kwa watoto wetu fumua misuko uangalie mistari ya kichwani maana kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Ukimkuta usimchome na njiti ya kibiriti, usimpake mafuta ya mgando, yote hayo ni mambo ya vijiweni. Mshike na kibano karibu na ngozi kabisa, mvute juu taratibu bila kumminya, halafu andika tarehe. Alama ya mviringo inayotanuka inaweza kuja wiki kadhaa baadae, na kwenye ngozi nyeusi inaonekana kama jeraha la kugongwa tu, kwa hiyo mtoto akipata homa na uchovu usioeleweka mwambie daktari kuhusu kupe wewe mwenyewe, usisubiri akuulize.

"Vikondoo havina neno, mpe mtoto abusu"

Aprili mashamba yanafungua milango watoto wakashike wanakondoo na kuwapa chupa, na kwa kweli ni raha, wangu mdogo alimuita kikondoo "mbuzi" mbele ya mkulima tukacheka wote. Ila wale wanyama wana vijidudu tumboni vinavyoharisha vibaya, na jeli ya mikono haiviondoi vyote, kuna kimoja hakisikii pombe kabisa. Maji na sabuni, kabla mtoto hajashika hata biskuti moja. Na shoga yangu kama una mimba baki nje ya banda la kondoo wanaozaa, hii si ushirikina, kondoo wanaweza kubeba maambukizi yanayotoa mimba, hata nguo za aliyewahudumia usizishike.

Yale maua ya buluu msituni, bluebell, hayo ya kupiga picha. Njoo nayo picha tu. Karibu nusu ya bluebell zote duniani ziko Uingereza na kung'oa vitunguu vyake porini ni kosa kwa sheria ya 1981, na ukimuingiza mtoto katikati apige pozi majani yakikanyagwa yanachukua miaka kurudi. Kaa kwenye njia. Tena yana sumu, kama dafodili, ambayo kitunguu chake kinafanana na cha jikoni kiasi kwamba sikiachi bustanini karibu na watoto.

"Mafua ya Mei hayaishi, huyu mtoto ana kinga dhaifu"

Labda ni mzio wa chavua, ule unga wa maua ya miti na nyasi. Miti inaanza Machi, nyasi zinafuata Mei. Ukiona mafua hayana homa, macho yanawasha, anapiga chafya zikifuatana: ongea na mfamasia kwanza.

"Kutoka na watoto ni hela"

Hela inaliwa na mkahawa wa huko mnakoenda, si matembezi. Mtoto chini ya miaka mitano treni hailipi, makumbusho ya jiji hapa Bristol mlango ni bure, misitu kama Leigh Woods ni bure. Mimi nabeba chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati zimeviringishwa na mayai, na matango ya kukata. Mwaka jana nilikaanga maandazi nikayaweka juu ya mkeka, nikageuka kumfuta mdogo pua, shakwe wawili wakashuka wakaondoka na manne. Kwa bata usitupe mkate wala andazi, wanashiba bure, wape njegere au mahindi.

Kitu cha mwisho ambacho hakuna aliyeniambia: Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele, tunabaki nyuma ya Tanga kwa masaa mawili badala ya matatu, na mwisho wa Aprili jua linazama baada ya saa 2 usiku. Umeshawachosha watoto siku nzima, umewaogesha, umewakagua kupe, umewalaza, na mmoja anainuka kitandani anakuonyesha dirisha: "Mama, mbona bado mchana?" Nunua mapazia meusi mapema, Aprili yanaisha dukani.