Picha bila lenzi: jinsi tunavyoziona eksirei za milipuko ya jua

Katika mlipuko wa jua, jambo linalonishughulisha kuliko yote ni kujua elektroni zimegonga wapi. Uga sumaku uliosokotana juu ya madoa ya jua unapokatika na kuungana upya, elektroni husukumwa kwa kasi kubwa mno, hushuka hadi kwenye tabaka nzito zaidi za angahewa ya jua, na zinapozuiwa huko ghafla hutoa eksirei kali. Eksirei hizo hutufikia kwa dakika nane na kidogo, lakini hewa ya dunia huzimeza zote kabla hazijagusa ardhi, hata nikipanda kilele cha Usambara. Kwa hiyo hapa Tanga ninachambua data za STIX, kifaa kilichomo ndani ya chombo cha angani cha Solar Orbiter, kilichorushwa tarehe 10 Februari 2020.

STIX hupima eksirei za kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 4 hadi 150, na zenye nguvu zaidi kati ya hizo ni vigumu mno kuzipinda kwa lenzi. Picha itapatikanaje, basi? Mimi nilifunguliwa macho na chandarua. Usiku mmoja, nyumbani Ngamiani, nilitundika tabaka mbili zake, nikaziachanisha kwa upana wa kiganja, kisha nikamulika ukutani kwa tochi ya simu. Katika kivuli ilitokea mistari mipana ambayo haimo katika tabaka lolote. Nilipoisogeza tochi kidogo tu, mistari ilihama mbali. Nilipoifunika kwa karatasi nyeupe ili mwanga utoke mahali papana, mistari ilififia.

Ndivyo STIX inavyofanya kazi. Ina jozi 30 za nyavu za tangsteni, metali nzito, ya mbele na ya nyuma zikiachana kwa takriban sentimita 55, na nyuma ya kila jozi kuna kigunduzi. Mahali mistari ilipoangukia hutuambia chanzo kiko upande gani, na ukolezi wa mistari hiyo hutuambia ukubwa wa chanzo. Jozi moja hujibu swali moja tu, la mwelekeo mmoja na kipimo kimoja. Hesabu ndiyo inayoyaunganisha majibu yote yakawa picha. RHESSI, darubini ya angani ya eksirei za jua iliyorushwa mwaka 2002, ililazimika kujizungusha mara 15 kwa dakika ili ipate majibu kama hayo, ilhali STIX huyapata yote kwa mpigo, na kwa tukio linalobadilika haraka hivi naiona hiyo kuwa faida kubwa.

Mara nyingi picha huonyesha nukta mbili angavu kwenye nyayo za upinde mmoja wa sumaku. Zikiwaka na kufifia kwa pamoja, najua elektroni zake zilianza safari mahali pamoja, juu huko.