Kabla ujitanue nje, jua mzigo ni wa nani ukiwa baharini

Wafanyabiashara wanaokuja kwa mafunzo yetu hapa Nairobi, wa Kamukunji, Eastleigh, Nyamakima, wakisikia kampuni imejitanua hadi ng'ambo wanaona maofisi, na meneja wa kupanda ndege kila wiki. Mimi huwauliza swali moja tu: mzigo wako ulio baharini saa hii ni wa nani, yaani ukiharibika hasara ni ya nani? Wengi hunyamaza.

Iko hivi. Ukiagiza sufuria kutoka Guangzhou, China, kwa FOB, yaani bei ya mzigo hadi upakiwe melini tu, kazi ya muuzaji inaisha mzigo ukishapakiwa melini huko kwao, kutoka hapo nauli ni yako na hatari ni yako. Kwa CIF, yaani bei yenye mzigo, bima na nauli pamoja, yeye ndiye analipa nauli na bima hadi Mombasa, sasa hapo ndipo watu hujichanganya, wanadhani hata hatari ni yake mpaka Mombasa, kumbe ilihamia kwako kulekule mzigo ulipopakiwa! Na tangu Januari 2017 bima ya mzigo unaoingia Kenya inatakiwa inunuliwe kwa kampuni za humu nchini, kwa hivyo na CIF unaweza kujikuta umelipa bima mara mbili. Tafadhali uliza kabla hujatuma pesa.

Kuuza nje ndiko kugumu zaidi. Chukua avokado aina ya Hass kutoka Murang'a, inapakiwa katoni za kilo 4, kontena moja la friji la futi 40 linabeba zaidi ya katoni 5,000, na tunda bado linapumua humo ndani kwa baridi, siku zake zinahesabika. Mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi zikaamua kuzunguka Afrika Kusini, safari ya Ulaya ikaongezeka kama wiki mbili hivi. Sufuria zitangoja. Avokado inaiva njiani, na mnunuzi wa Rotterdam akifungua kontena anakata bei ama anakataa mzigo wote. Mwenye alikuwa na mnunuzi mwingine Dubai, ambako meli ya kutoka Mombasa haipiti Bahari ya Shamu, ama kiwanda cha kukamua mafuta hapa nyumbani, alijua pa kupeleka mavuno yaliyobaki. Mwenye alitegemea mnunuzi mmoja, nimekaa naye, ameshika simu anaangalia ile ramani ya meli, kadoti kanasonga polepole huko chini ya Afrika na hakuna kitu anaweza kufanya. Iliniuma sana.

Kampuni kubwa hujipanga mapema kwa hili. Toyota Tsusho ya Japani, kampuni ya biashara ya kundi la Toyota, ilipotaka kukua Afrika, haikufungua duka mojamoja, 2012 ilinunua CFAO ya Ufaransa, iliyokuwa na maghala, wauzaji na watu wanaojua forodha za nchi nyingi za bara hili. Wewe huna pesa hizo, sawa, lakini ejenti mzuri wa kuklia mzigo, yaani wa kuutoa forodhani, unaweza kumpata, na umtafute kabla meli haijang'oa nanga, umtumie invoisi na hati ya shehena (ile bill of lading ya kampuni ya meli) aanze kazi mapema, kwa sababu kontena likishamaliza siku zake za bure pale Mombasa, bandari inakuhesabia na mwenye kontena, yaani kampuni ya meli, naye anakuhesabia, kila siku, hata Jumapili.