Eti gari la umeme halina oili? Hebu tuelewane

Naelewa hii inatokea wapi. Injini haipo, masizi hayapo, ile oili nyeusi ya kumwaga kila baada ya kilometa kadhaa nayo haipo, basi watu wanamalizia kwamba gari la umeme ni kavu. Si kweli. Kati ya mota na matairi kuna giaboksi, mara nyingi ya spidi moja tu, na meno ya gia yakisagana makavu hayafiki mbali, beringi nazo zinataka oili au grisi.

Akishakubali hilo mtu anakwambia basi tia oili ya gia ya kawaida yaishe. Hapa ndo penye kesi yenyewe. Oili za gia kwa kawaida zina kemikali za salfa na fosforasi, gia zikibanwa sana kemikali hizo zinajenga utando juu ya chuma kisichubuke. Safi kabisa, ila magari mengi mapya ya umeme yana mota na giaboksi ndani ya boksi moja na oili ileile inayolainisha gia inarushiwa nyaya za shaba za mota ili kuzipoza, na salfa na shaba haziivi, joto likipanda shaba inaliwa na kubaki uchafu mweusi unaopitisha umeme, sasa uweke huo kwenye mfumo wa volti 400 au 800, shoti hiyo! Ukiitoa salfa shaba inapona, gia zinaumia. Kile kipimo cha zamani cha kuchovya kipande cha shaba kwenye oili moto masaa matatu halafu unaangalia rangi hakitoshi kwa oili itakayokaa humo miaka, tena hata mvuke wake unaila shaba.

Nissan Leaf za mwanzo zinatumia oili ya giaboksi otomatiki na watu wanazileta kama ushahidi kwamba oili ya kawaida inatosha, ila mota zake zinapozwa kwa maji, oili haigusi nyaya.

Na eti oili nyepesi ndo bora? Nusu kweli. Inapoza vizuri na haili nguvu, lakini ukikanyaga kutoka umesimama mota inatoa nguvu yote palepale, kabla gia hazijapata spidi ya kuvuta oili katikati ya meno, utando mwembamba unakatika. Halafu mota nyingine zinavuka mizunguko 20,000 kwa dakika, oili inapigwa mpaka inatoa povu, na povu halipozi wala halilainishi.

Dhana potofu ninayoipenda zaidi ni hii: eti oili isipopitisha umeme kabisa ndo salama. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, volti inajikusanya kwenye shafti, ikiuzidi ule utando wa oili kwenye beringi inaruka cheche na kuchimba kashimo, vishimo vinaongezeka mpaka beringi inalia, na gari lenyewe kimya hivyo utaisikia tu. Oili inayozuia sana inaacha chaji ijae, inayopitisha sana inavujisha umeme kwenye nyaya. Inatakiwa katikati, na ibaki hapohapo hata ikizeeka, ikinyonya unyevu na kujaa chembe za chuma. Wengine wanaona bora wasaidie oili kwa beringi za seramiki.

Kuhusu "oili ya maisha", yaani ile inayodaiwa haibadilishwi kamwe, angalia kitabu cha gari lako, Tesla Model 3 ina hadi filta ya oili.