Mzee akiishiwa pumzi usimwambie "vuta", mwambie "toa"

Kila siku hapa kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia tunaona kitu kilekile. Mzee kaja na mwanae au mjukuu, kapanda ngazi kidogo tu anahema, na aliyemleta anamwambia kwa upendo kabisa "vuta pumzi babu, vuta pumzi ndefu". Babu anavuta. Anavuta tena. Mabega yanapanda mpaka masikioni, shingo inakaza, na kuhema ndo kwanza kunazidi. Hujakosea kwa ubaya, ila ulichomwambia ni nusu ya habari, na ni ile nusu ambayo mara nyingi sio yenye shida.

Shida iko kwenye kutoa.

Mapafu ya kijana ni kama lastiki mpya, ukiyajaza hewa yanajirudi yenyewe. Umri ukisogea, na hii inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, kwenye miaka 35 hivi, ile lastiki inaanza kulegea taratibu. Gegedu, yaani ile mifupa laini inayoshika mbavu, zinakakamaa, mgongo nao kwa wengine unapinda, na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, unapungua nguvu. Halafu vijia vidogo vya hewa kule chini kabisa vinawahi kujifunga kabla hewa haijaisha kutoka. Kwa hiyo ukubwa wa mapafu kwa jumla haubadiliki sana, ila hewa inayobaki ndani baada ya kutoa inaongezeka mwaka hadi mwaka. Chumba ni kilekile ila kimejaa vitu vya zamani, sasa wewe unamwambia aingize vingine bila kutoa vile, vitakaa wapi?

Tupige hesabu kidogo. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama mililita 500, na katika hizo kama 150 zinaishia puani, kooni na kwenye mabomba makubwa, hazifiki kule ambako oksijeni inaingia kwenye damu. Chukua mtu anayepumua harakaharaka mara 20 kwa dakika, pumzi fupifupi za mililita 250, huyo kazungusha lita 5 nzima lakini zilizofanya kazi ni 100 tu kila pumzi, yaani lita 2. Mwingine anapumua mara 10 taratibu, 500 kila mara, ni lita 5 zilezile, ila zilizofanya kazi ni lita 3.5. Wa kwanza kahangaika zaidi na kapata kidogo, ndo maana mtu anahema na bado anahisi hewa haitoshi.

Sasa hii inahusiana vipi na maisha yenyewe? Ni kwamba wazee wengi hawaji kukwambia "naishiwa pumzi". Anachokwambia ni "siku hizi sipendi kutoka". Anaacha ngazi, anaacha kuimba, anaacha kumtembelea rafiki yake kwa sababu njiani itabidi asimame mara 3 na anaona aibu. Nyumbani wanasema mzee kachoka, uzee huo. Kumbe akikaa sana miguu inalegea, na misuli iliyolegea inakula oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo kesho anahema mapema kuliko jana, kesho kutwa anaogopa hata kujaribu, na hofu yenyewe inaongeza kasi ya kupumua. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la ubora wa maisha lenye maswali 26, linauliza kuhusu mwili, lakini pia hisia, mahusiano na mazingira, na ukilisoma utaona pumzi inagusa karibu kila kona. Mimi binafsi huwa naanza na swali moja tu, mama au baba, umeacha kufanya nini mwaka huu? Jibu la hapo ndo tunalofanyia kazi.

Zoezi la kwanza ni la midomo. Kaa vizuri, legeza mabega, vuta hewa kwa pua ukihesabu moja, mbili, kawaida tu wala usijaze kifua mpaka juu. Kisha bana midomo kama mtu anayetaka mshumaa uyumbe bila kuzimika, toa taratibu ukihesabu mpaka 4. Usisukume kwa nguvu. Ile midomo iliyobanwa inarudisha shinikizo kidogo ndani na kuzishikilia zile njia ndogo zisijifunge mapema, hewa ya zamani inapata muda wa kutoka. Ndo siri yote. Kama 4 inakushinda anza na 3, hakuna anayekusahihishia mtihani.

La pili ni la tumbo. Lala chali umekunja magoti au egemea kiti, mkono mmoja kifuani mwingine tumboni, ukivuta mkono wa tumboni unyanyuke na wa kifuani utulie. Dakika 5 mara 2 kwa siku zinatosha kuanzia, ila sio ukiwa umetoka kula, subiri kama saa moja au mawili. Hili lakini silimpi kila mtu. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu uliofika mbali, hasa waliovuta sigara miaka mingi, kiwambo chake kinaweza kuwa kimeshasukumwa chini na hewa iliyonasa mpaka kimelala bapa, ukimlazimisha apumue kwa tumbo unamchosha bure. Huyo abaki na la midomo, na akizidiwa ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au juu ya meza.

La tatu ndo nalipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji muda wa mazoezi. Toa hewa wakati wa kazi nzito. Unanyanyuka kwenye kiti, vuta kwanza ukiwa umekaa, kisha toa huku unanyanyuka. Ngazi, vuta umesimama, toa huku unapanda hatua 2 au 3. Kuinama kuvaa viatu, ni hivyohivyo. Watu wengi bila kujua wanabana pumzi kwenye kazi kama hizi, na chooni ndo balaa kabisa, mzee anabana pumzi anasukuma, presha inapanda na kushuka ghafla, akisimama kizunguzungu, wengine wanaanguka hukohuko.

Vile vifaa vya kuvutia hewa kwa ukinzani, yaani vinavyoibana hewa ili msuli ufanye kazi zaidi kuivuta, navyo watu wanaviulizia sana. Vina nafasi yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani walitoa matokeo ya watu 36 wa miaka 50 hadi 79 wenye presha iliyopanda, nusu yao walivuta kwa ukinzani mkubwa pumzi 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6, na namba ya juu ya presha ya hao ilishuka kwa wastani wa pointi 9. Utaniambia mbona hao wanavuta na wewe unasema toa, ni kweli, ila hiyo ni kuimarisha msuli kwa muda uliopangwa, ukiwa umetulia, na sio msaada wa mtu anayehema sasa hivi. Pia watu 36 ni wachache, kwa hiyo dawa za presha usiziache hata siku moja kwa ajili ya kifaa. Na zile mbinu za kushika pumzi kujipima mapafu, zilisambaa sana 2020 wakati wa korona, hazipimi chochote cha maana na kwa mwenye moyo dhaifu ni hatari.

Ukifanya ukasikia kichwa chepesi au vidole vinawasha kama ganzi, umepumua kwa kasi au kwa wingi mno, acha, tulia, pumua kawaida. Lakini kuna hali ambazo sio za mazoezi kabisa, ni za hospitali: kuishiwa pumzi ghafla, maumivu ya kifua, midomo kuwa ya bluu, kukohoa damu, miguu kuvimba, au mzee kuanza kulala na mito 3 kwa sababu akilala bapa anakabwa. Huyo usimfundishe kupuliza mshumaa, mpeleke leo.

Kwa wengine, chagueni na mzee kitu kimoja alichoacha, tuseme kupanda ngazi. Hesabuni anapanda hatua ngapi kabla ya kusimama, andikeni kwenye karatasi na tarehe, fanyeni mazoezi wiki 4, hesabuni tena. Ukija kliniki njoo na hiyo karatasi, inanisaidia kuliko maneno "anaendelea vizuri".