Jarida la sayansi kwa umma ni nini?

Neno "jarida" kwa Kiswahili limebeba mizigo miwili. Kuna jarida la kitaaluma, ambamo mtafiti huwaandikia watafiti wenzake, na makala hupitiwa kwanza na wataalamu wa fani ileile. Halafu kuna jarida la sayansi kwa umma, analolisoma fundi, mwalimu au mwanafunzi, yeyote mwenye hamu ya kujua mashine inavyofanya kazi au nyota zinakopata mwanga. Kazi yake kubwa ni kueleza, na mchoro mzuri humfaa msomaji kuliko fomula.

Miongoni mwa makongwe ya aina hii ni Scientific American la Marekani. Toleo la kwanza lilitoka New York tarehe 28 Agosti 1845: kurasa nne, kila wiki. Mwanzilishi wake, Rufus Porter, alikuwa mchoraji na mvumbuzi asiyetulia, na haikupita hata mwaka akaliuza kwa Orson Munn na Alfred Beach. Hao walikuwa na jicho la biashara. Walifungua ofisi ya kuwasaidia wavumbuzi kusajili hataza, yaani haki ya kumiliki walichobuni, na kwa hiyo habari zikawa zinajileta zenyewe mlangoni.

Desemba 1877 mvumbuzi Thomas Edison aliingia katika ofisi ya jarida na kimashine, akakiweka mezani, akazungusha kishikio cha kukiendesha. Kikawajulia hali waliokuwepo, kikauliza kama wameipenda fonografu, yaani kimashine hicho cha kunasa na kurudia sauti, kikawaaga. Sauti yote hiyo ilikuwa mikwaruzo ya sindano kwenye karatasi ya bati! Mhariri gani hatamwonea wivu mwenzake kwa siku kama hiyo?

Mwaka 1921 jarida likawa la kila mwezi. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja 1948, chini ya wamiliki wapya akiwemo Gerard Piel: wanasayansi wenyewe wakaombwa waandike, na wahariri wakabaki na kibarua cha kulainisha lugha.

Utaratibu huo ulileta kasheshe. Mwaka 1950 mwanafizikia Hans Bethe aliandika kuhusu bomu la haidrojeni. Tume ya Nishati ya Atomiki ya serikali ya Marekani ikasimamisha uchapishaji, ingawa Piel alisisitiza kwamba mambo yale yalikwisha kuchapishwa kwingine. Nakala 3,000 zilichomwa moto, na makala iliyowafikia wasomaji ilikuwa imenyofolewa sentensi kadhaa.